Niliafiki kwenye kamati, kisha nikamwambia mzee sikuwepo

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, diwani wa kata iliyo pembezoni mwa wilaya yetu hapa Tanzania. Huu ni muhula wangu wa kwanza. Kabla ya hapo nilikuwa nauza mbegu na dawa za mifugo senta, na nilikuwa mweka hazina wa kikundi chetu cha akina mama. Ukumbi wa halmashauri niliuingia mara ya kwanza siku niliyokwenda kuapa.

Nimepangwa Kamati ya Elimu, Afya na Maji. Nilifurahi sana, kwa sababu kijiji kimoja katika kata yangu kina boma la zahanati ambalo wananchi walilianza miaka sita iliyopita. Akina mama walisomba mchanga na maji kwa vichwa, vijana wakafyatua tofali, kila kaya ikachanga. Eneo lilitolewa na mzee mmoja, alikata kipande cha shamba lake la mihogo. Boma lilifika kwenye lenta, mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, likasimama hapo. Kwenye kampeni sikuahidi mambo mengi. Niliahidi hilo boma litaezekwa.

Sasa ikaja kamati ya kupitia rasimu ya bajeti. Kabrasha, yaani nyaraka zote za kikao, lililetwa na dereva saa mbili usiku, kikao kesho yake saa tatu asubuhi. Kurasa zaidi ya mia. Nilisoma kwa tochi ya simu mpaka macho yakauma, nikaishia ukurasa wa ishirini na kitu. Asubuhi tukafika kwenye jedwali la maboma ya zahanati yatakayomaliziwa kwa mapato ya ndani, yale halmashauri inayokusanya yenyewe, mwaka ujao wa fedha. Yalikuwa matatu na la kwetu halikuwemo. Moja kati ya hayo matatu nalifahamu, nimepita hapo kwa pikipiki. Ni msingi tu, na nyasi zimeota ndani.

Nilitaka kuuliza. Shangazi, mdomo ulikauka. Mganga mkuu alikuwa anaeleza upesi upesi mambo ya vigezo na ukomo wa bajeti, yaani kiwango kisichoruhusiwa kuvukwa, madiwani wazoefu wanaitikia kwa vichwa. Siku moja kabla, kwenye kikao cha madiwani wa chama, tulikuwa tumeambiwa bajeti ipite bila malumbano. Nikajiambia hawa wamesoma, lazima wana sababu yao, mimi niliyeishia kidato cha nne nitauliza nini? Mwenyekiti akasema, "Waheshimiwa, tunaafiki?" Tukaitikia tunaafiki. Na mimi niliitikia. Tukapokea posho tukaondoka.

Habari zilifika kijijini kabla yangu. Jumapili yule mzee aliyetoa eneo alinisubiri njiani na fimbo yake. Akaniuliza, "Mwanangu, siku wanaliacha boma letu, wewe ulikuwepo?" Nikamjibu, "Sikuwepo Babu, nilikuwa naumwa." Akaniangalia kwa huruma, akasema, "Basi pole. Nilijua tu, ungekuwepo wasingeliacha."

Ni wiki tatu sasa na silali vizuri. Baraza la bajeti ni baada ya wiki mbili hivi. Naomba unisaidie: je, jambo limeshaisha? Nikisimama barazani kupinga nilichoafiki mwenyewe, si nitaonekana kigeugeu, na chama kitanichukuliaje? Je, naruhusiwa kuwaeleza wananchi yaliyosemwa kwenye kamati? Vijana wa kijiweni wanasema tunakwenda kula posho tu, na siwezi kuwajibu. Wakati mwingine nawaza kuandika barua ya kujiuzulu nirudi dukani kwangu.

Diwani wa muhula wa kwanza

* * *

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama pale mzee aliposema "ungekuwepo wasingeliacha." Hapo nitarudi, maana ndipo penye uzito. Lakini wiki mbili si nyingi, basi tuanze na lenye tarehe.

Wengi wanaosoma safu hii wanajua kwamba kabla ya kustaafu nilikuwa mwandishi wa vikao katika halmashauri. Miaka mingi nilikaa ubavuni mwa mwenyekiti na kalamu yangu. Sikuwa na kura, ila nilisikia kila neno lililosemwa, na niliwaona madiwani wengi wa muhula wa kwanza wakikaa kimya kama ulivyokaa wewe. Baadhi yao walikaa kimya miaka mitano yote. Wewe umeandika barua mwaka wa kwanza, na hilo linanipa moyo.

Jambo halijaisha. Kamati yenu haikuamua, ilipendekeza. Rasimu ya bajeti inatoka kwa wataalamu, inapita kwenye kamati za kudumu kila moja na eneo lake, inakusanywa na Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, ndipo inaletwa mbele ya baraza zima. Kupitisha bajeti ni kazi ya Baraza la Madiwani, kama ilivyo kazi yake kutunga sheria ndogo. Na hata baada ya baraza, makadirio bado yana safari ya kwenda mkoani, TAMISEMI inayosimamia serikali za mitaa, na bungeni kabla mwaka wa fedha haujaanza tarehe 1 Julai. Kwa hiyo mlango uko wazi, ingawa kila hatua unazidi kuwa mwembamba.

Usifarijike kupita kiasi, lakini. Kwa sheria baraza ndilo linaloamua. Kwa uzoefu wangu, mambo huiva kwenye kamati. Barazani kuna wageni, waandishi wa habari, viongozi wa wilaya, na kabrasha nene kuliko lile uliloletewa usiku. Mwenyekiti wa kamati anasimama, anawasilisha taarifa, anaomba ipokelewe, inapokelewa. Wajumbe wa kamati nyingine wanaamini kwamba ninyi wenye afya mmeshachambua mambo ya afya. Na ninyi mliamini kwamba mganga mkuu ameshachambua. Hivyo ndivyo msingi wenye nyasi unavyoweza kulitangulia boma lenye lenta bila mtu yeyote kufanya hila.

Nikuambie nilivyokuwa naandika. Mkisema "tunaafiki," mimi niliandika: "Wajumbe walijadili na kuafiki." Sikuwahi kuandika kwamba mjumbe fulani alinyamaza kwa kuwa hakuelewa, wala kwamba moyoni alikuwa anapinga. Muhtasari hauna safu ya moyoni. Kimya chako kilihesabiwa pamoja na sauti za waliotaka, na ndiyo maana wananchi wako wana haki ya kukuuliza.

Sasa, kazi ya wiki hizi mbili. Kesho, kama si leo, panda gari uende makao makuu ya halmashauri ukaonane na mganga mkuu, kisha afisa mipango. Nenda kuuliza, usiende kugomba. Mwambie: "Daktari, naomba nielewe vigezo vilivyotumika kuchagua maboma matatu, na kwa nini la kwetu halikuingia." Hilo ndilo swali ulilolimeza kwenye kamati, na halikuhitaji shahada. Huenda wana sababu ya kweli. Huenda ule msingi uko kwenye kijiji kilicho mbali zaidi na huduma, au watu wake ni wengi, au kuna mgao mwingine wa fedha ambao boma lenu limetengewa wewe hujui. Na huenda hakuna sababu yoyote zaidi ya orodha ya mwaka juzi iliyonakiliwa.

Kuna sababu mbili hasa ambazo nimeziona zikiliacha boma limesimama miaka. Moja ni ramani. Ilipotoka sera ya kuwa na zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, ule Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi ulioanza 2007, wananchi sehemu nyingi walijitolea kwa nguvu kubwa wakaanza kujenga. Wengine walijenga kwa ramani ya fundi wa kijiji. Mhandisi akija anakuta vyumba havitoshi au havifuati ramani inayokubalika, anaandika mapungufu kwenye faili, na hakuna anayerudi kuwaambia waliosomba mchanga. Uliza kama boma lenu lina taarifa ya mhandisi, na inasema nini.

Ya pili ni ardhi. Umeandika kwamba mzee alikata kipande cha shamba lake. Je, kuna karatasi? Kuna muhtasari wa kijiji unaoonyesha eneo limetolewa na kupokewa, lina mipaka gani, na familia imeridhia? Watendaji huogopa kuweka fedha za umma juu ya ardhi iliyotolewa kwa mdomo, na hawakosei, kwa sababu wazee hufariki na wajukuu hudai. Ikiwa karatasi haipo, itabidi umrudie yule mzee. Shika hilo, tutalifikia.

Ukitoka huko, itisha Kamati ya Maendeleo ya Kata. Hapo wewe ndiye mwenyekiti, mtendaji wa kata ni katibu wako, na wenyeviti wa vijiji ni wajumbe wako. Madiwani wengi wapya hufikiri nguvu zao ziko kwenye ukumbi wa halmashauri, kumbe kikao chao chenye nguvu kiko kwenye ofisi ya kata yenye benchi tatu. Pitisheni azimio la maandishi: boma limefikia wapi, wananchi wamechangia nini, huduma ya karibu iko umbali gani, na kata inaomba nini. Mtendaji aliandike, mlisaini, lipelekwe kwa Mkurugenzi wa halmashauri kabla ya baraza, nawe ubaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Siku hiyo utasimama ukiwa na kata nzima mkononi, na hakuna atakayesema diwani ameamka vibaya.

Mwenyekiti wa kamati yenu mtafute mapema. Mwambie ukweli kwamba siku ile hukuelewa ukanyamaza, na kwamba umeuliza ukapata majibu haya na haya. Wazee wa baraza hawapendi kushtukizwa hadharani. Ukimweka mtu kwenye kona mbele ya wageni atajitetea hata pale ambapo angekubaliana nawe. Ukimweleza pembeni, anaweza mwenyewe kulipeleka Kamati ya Fedha kama jambo lililosahaulika. Kamati hiyo hukutana kila mwezi, kwa hiyo kikao kinaweza kuwepo kabla ya baraza lenu. Maboma mengi yamepata mabati kwa njia hiyo, bila hotuba ya mtu.

Kuhusu chama. Kikao cha madiwani wa chama kipo ili mvutane huko ndani kabla ya kutoka na kauli moja. Kosa lako lilikuwa kukaa kimya huko pia. Kitakuwepo kingine kabla ya baraza, na huko ndiko pa kulisema kwa sauti yako yote: ahadi hii niliitoa nikiwa nimevaa sare ya chama, na mwaka wa uchaguzi wapinzani hawatauliza bajeti ilipita kwa utulivu kiasi gani, watapiga picha boma lisilo na paa. Chama kinaelewa lugha hiyo vizuri kuliko unavyodhani. Na kuuliza swali la ukurasa fulani barazani si kupinga bajeti. Sijaona diwani aliyefukuzwa kwa kuuliza kwa heshima jambo aliloliarifu mapema. Niliona walioadhibiwa kwa kuwavizia wenzao.

Ikifika barazani bado halijaingia, simama taarifa ya kamati yenu inapojadiliwa. Taja ukurasa, taja jedwali, taja safu. Usiombe boma la wenzako liondolewe, hata lile lenye nyasi. Diwani wa kata ile naye aliahidi, na ukimvunjia leo utamhitaji kesho. Omba kidogo kinachowezekana: kuezeka tu mwaka huu, sakafu na milango mwaka unaofuata. Na usiombe bila kuonyesha fedha itatoka wapi, kwa sababu jibu la kwanza litakuwa ukomo wa bajeti. Pitia majedwali mengine utafute kifungu kinachoweza kupunguzwa bila kuumiza. Lakini asilimia 10 ya mapato ya ndani inayokwenda kwenye mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ile 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu, usiiguse. Imewekwa na sheria, na ukiitaja watakuona hujasoma. Tafuta mwenzako mmoja wa kukuunga mkono kabla hujasimama, kwa sababu hoja isiyoungwa mkono inafia pale pale ilipotolewa.

Kigeugeu? Utaanza hivi: "Mheshimiwa Mwenyekiti, mimi ni mjumbe wa kamati hii na niliafiki. Baada ya hapo nimefuatilia nikakuta jambo ambalo sikulijua." Nimeyaandika maneno ya namna hiyo kwenye mihtasari mara chache mno, na kila mara ukumbi ulitulia kusikiliza.

Unaweza kushindwa. Sitakudanganya juu ya hilo. Ukishindwa, omba maoni yako yaingie kwenye muhtasari. Robo mwaka inayofuata utalikuta kwenye yatokanayo, yale yaliyobaki kufuatiliwa kutoka kikao kilichopita, na kila robo utauliza, mpaka afisa mipango aandike jina la kijiji chako bila kukumbushwa.

Sasa kabrasha, maana hili litajirudia miaka mitano. Hukukosea kushindwa kurasa mia kwa usiku mmoja; ulikosea kuanza ukurasa wa kwanza. Kurasa za mwanzo ni maneno ya ukaribisho na utangulizi. Anza na muhtasari wa kikao kilichopita na yatokanayo yake. Hapo utaona mliagiza nini na nani hajatekeleza. Maneno kama "utekelezaji unaendelea" yakijirudia robo tatu mfululizo, hapo pana swali. Kisha ruka hadi kwenye majedwali. Kila jedwali la fedha lina kilichoidhinishwa, kilichopokelewa na kilichotumika. Tia alama pale ambapo tarakimu zimeachana sana. Kisha tafuta jina la kata yako, kila linapoonekana na kila pale ambapo lilipaswa kuonekana likakosekana. Hayo matatu unayamaliza kwa saa moja na nusu, hata kwa tochi ya simu. Maelezo marefu soma baadaye, ukiwa na muda.

Na usikubali kuletewa kabrasha usiku. Kanuni za kudumu za halmashauri yako zinasema makabrasha yafike siku ngapi kabla ya kikao. Omba nakala ya kanuni hizo kwa mwandishi wa vikao, uzisome kuliko kitu kingine chochote. Kisha kikao kijacho, mwanzoni kabisa, mwombe mwenyekiti aelekeze makabrasha yafike kwa wakati. Utakuta nusu ya wajumbe wanashukuru, kwa sababu nao hawakusoma, na wengi wa wale waliokuwa wanaitikia kwa vichwa walikuwa wameishia ukurasa wa ishirini kama wewe. Nilikuwa nakusanya makabrasha yaliyoachwa mezani baada ya vikao. Najua yalifunguliwa mpaka wapi.

Hilo la kidato cha nne liweke chini. Sheria ya uchaguzi inamtaka diwani ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Haikuweka shahada, na haikusahau. Wataalamu wamejaa ukumbini kwa ajili ya utaalamu: mganga, mhandisi, mweka hazina, na Mkurugenzi ambaye ndiye katibu wa baraza. Kura hawana. Kura ni zenu, ninyi mliotumwa na watu, kwa sababu kuna kitu wao hawakijui. Katika ukumbi ule ni wewe peke yako uliyejua kwamba lile boma lingine ni msingi wenye nyasi. Ulikuwa na taarifa ambayo mganga mkuu pengine hakuwa nayo, ukaondoka nayo nyumbani. Katiba, ibara ya 146, inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Nchi hii ilijaribu kuishi bila halmashauri za kuchaguliwa, zilivunjwa 1972, na sheria za kuzirudisha zikatungwa 1982. Mimi nilianza kazi zamani kiasi cha kuwasikia wazee waliokumbuka miaka hiyo ya katikati, jinsi mambo ya vijijini yalivyokuwa yakiamuliwa na watu ambao hawakulazimika kurudi kulala huko. Wewe unalazimika kurudi. Ndiyo sababu wakakupa kiti.

Wananchi waambie nini? Mikutano ya baraza ni ya wazi, mtu yeyote anaweza kuja kukaa nyuma akasikiliza, na ningefurahi kama siku ya bajeti ungekuja na watu wawili watatu wa kijiji kile, hata na mmoja wa wale vijana wa kijiweni. Kamati ni kikao cha wajumbe na watendaji. Usitoe kabrasha nje wala kumnukuu mwenzako kwamba fulani alisema hivi. Lakini kwa ninavyojua hakuna kanuni inayokukataza kueleza msimamo wako mwenyewe na hatua jambo lilipofikia. "Kamati imependekeza maboma matatu, letu halimo, baraza ni tarehe fulani, nami nimefanya moja mbili tatu." Hiyo ni haki yao kuijua. Posho usiionee haya, diwani analipa nauli na anaacha duka lake limefungwa. Vijana wanaiona posho kwa sababu hawajaona kitu kingine mlichorudi nacho.

Kujiuzulu sitakujadilia sana. Kata ingeingia uchaguzi mdogo, na boma lingebaki hapo hapo kwenye lenta.

Nimebaki na mzee.

Mwanangu, jina lako liko ukurasa wa kwanza wa ule muhtasari, chini ya "Wajumbe waliohudhuria." Na sahihi yako iko kwenye karatasi ya mahudhurio na kwenye ya posho. Kuna watu wasiopungua kumi na tano waliokuona, na dereva, na mhudumu aliyeleta chai. Mzee ataambiwa. Sikuambii hili ili kukutisha. Nataka usikie kwanza kutoka kwangu, kwa sababu ukisimama barazani ukapigania boma huku yeye ameshasikia kutoka kwa mtu mwingine kwamba ulikuwepo, kila utakalofanya ataliona ni kufunika.

Kwa hiyo kabla ya mganga mkuu, kabla ya kamati ya kata, nenda kwake. Nenda peke yako, usimchukue mtendaji wala mwenyekiti wa kijiji. Usimngoje njiani kama yeye alivyokungoja. Piga hodi kwake, kaa chini, na usizunguke. "Babu, nilikuwepo. Sikuumwa. Waliuliza kama tunaafiki, nami nikaafiki, kwa sababu niliogopa kuuliza. Nimekudanganya." Halafu nyamaza. Usiongeze "lakini." Usimweleze vigezo wala ukomo wa bajeti. Anaweza kukasirika, anaweza kukaa muda mrefu bila neno, anaweza kukwambia uondoke. Vumilia lolote kati ya hayo. Alikata shamba lake.

Akiuliza sasa utafanya nini, mweleze hatua zako kwa ufupi, kisha uage. Na hata kama umegundua karatasi ya eneo haipo na unaihitaji sahihi yake kabla ya wiki kwisha, siku hiyo usiitaje. Utarudi kesho yake kwa ajili ya karatasi, na safari hiyo uje na mtendaji.